Wauguzi wa Kigeni Wajifunza Upya Kuwatunza Wazee wa Japani

Mwezi wa Agosti mwaka 2008 Waindonesia 208 waliwasili nchini Japani kwa mpango ambao nchi hiyo ilikuwa haijapata kuujaribu. Nusu yao, yaani 104, walikuwa wauguzi wenye vyeti, waliokwisha kufanya kazi katika hospitali za kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Nusu ya pili walikuja kuwa watunzaji katika makao ya wazee, na wengi kati yao nao walikuwa wamehitimu masomo ya uuguzi. Mwaka uliofuata wakaja Wafilipino, na mwaka 2014 wakaja watu wa Vietnam. Wote walipokewa chini ya mikataba ya uchumi iliyotiwa sahihi baina ya serikali zao na serikali ya Japani, na wote waliambiwa jambo moja: kwamba vyeti vya kwao havitoshi, na kwamba itawabidi wafunzwe kazini na kufaulu mtihani wa taifa, kwa lugha ya Kijapani, kabla ya kuhesabiwa kuwa wauguzi au watunzaji kamili.

Ndugu msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya mbali, haituhusu. Julai 2021 Kenya ilitia sahihi mkataba na Uingereza kuhusu wauguzi wanaokwenda kufanya kazi huko, na muuguzi aliyesomea nchi za nje anayetaka kuandikishwa Uingereza kwa kawaida hupitishwa katika mtihani wa vitendo wenye vituo kumi, mbele ya msahihishaji anayetazama mikono yake na kusikiliza maneno yake. Binti zetu na vijana wetu waliosomea kazi hii wanaitazama njia hiyo. Nimeuchagua mfano wa Japani kwa kuwa huko ndiko ugumu wa kumfunza upya mtu aliyekwisha kufunzwa ulikoonekana wazi kuliko kwingine.

Sababu ya Japani kuwahitaji watu hawa inaeleweka. Katika kila watu 100 wa nchi ile, zaidi ya 29 wametimiza miaka 65 au wameipita. Mwaka 2024 waliotimiza miaka 100 na zaidi walikuwa zaidi ya 95,000. Zamani kazi ya kumtunza mzee ilimwangukia mke wa mtoto wa kiume wa kwanza. Lakini watoto wamekuwa wachache, wake wanafanya kazi za mshahara, na tangu Aprili 2000 serikali imeweka bima ya lazima ya matunzo, ambayo kila mkazi hulipia anapofika umri wa miaka 40. Fedha za bima zikapatikana. Mikono ya kumgeuza mzee kitandani haikupatikana kwa urahisi huo. Serikali ya Japani ilisema rasmi kwamba mpango wa mwaka 2008 haukukusudiwa kuziba upungufu wa wafanyakazi. Hilo namwachia msomaji alipime mwenyewe.

Wageni wale wa kwanza walipewa miezi sita ya masomo ya lugha, kisha wakatawanywa katika hospitali na makao ya wazee. Februari 2009 wauguzi 82 wakaingia katika chumba cha mtihani. Hakufaulu hata mmoja. Mwaka 2010 waliingia 254 wakafaulu watatu. Mwaka 2011 waliingia 398 wakafaulu 16. Katika miaka hiyohiyo wanafunzi wa Kijapani waliofaulu mtihani uleule walikuwa kama 90 katika kila 100.

Mimi niliyefunzwa ualimu nilielezwa chuoni kwamba darasa zima likianguka, mwalimu na aukague kwanza mtihani wake. Watu wale 82 hawakuwa wajinga wa kazi. Walijua kupima shinikizo la damu, walijua dalili za kisukari na za moyo uliochoka, na baadhi yao walikuwa wamekesha miaka mingi katika wodi za wagonjwa mahututi. Walichokosa ni kusoma. Kijapani huandikwa kwa herufi zenye asili ya Uchina, ziitwazo kanji, ambazo msomaji wa kawaida hana budi kuzijua zaidi ya 2,000. Na maneno ya tiba yana herufi ambazo hata Mjapani mwenye elimu, asiyekuwa mtu wa hospitali, hawezi kuzitamka.

Mfano uliosemwa sana ni neno *jokusō*. Maana yake ni vile vidonda vinavyomtoka mtu aliyelala upande mmoja muda mrefu. Mzee wa Kijapani nyumbani kwake huviita *tokozure*, yaani msuguano wa kitanda, na kila mtu humwelewa. Muuguzi aliyetoka Java amekwisha kuviona vidonda hivyo, amevisafisha na kuvifunga, na anajua kwamba dawa yake ya kwanza ni kumgeuza mgonjwa kabla havijatoka. Akikutana na herufi zile mbili katika karatasi ya mtihani, elimu yote hiyo hufungiwa nje ya mlango. Je, aliyeanguka hapo ameanguka uuguzi au ameanguka maandishi?

Wapo Wajapani waliouliza swali hilo, na Wizara ya Afya ikaunda jopo la kulichunguza. Kuanzia mtihani wa mwaka 2011 herufi ngumu ziliandikiwa juu yake herufi ndogo za kuongoza matamshi, na majina ya magonjwa yakaongezewa Kiingereza. Mwaka 2012 walifaulu 47 kati ya 415. Kuanzia mwaka 2013 wageni waliruhusiwa karatasi yenye matamshi kwa kila kanji, pamoja na muda wa ziada. Msimamo wa wizara ulikuwa kwamba maneno ya tiba yenyewe yasilegezwe mno, kwa sababu muuguzi asiyeweza kusoma maagizo ya daktari anaweza kumdhuru mgonjwa. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kumtaka mtu ajue lugha ya kazi yake na kumtega kwa herufi ambayo ataizoea katika mwezi wake wa pili wodini.

Upande wa watunzaji wa wazee, mambo yalikwenda kwa sura nyingine. Wao hawakuruhusiwa kufanya mtihani mpaka watimize miaka mitatu kazini, na kibali chao cha kukaa kilikuwa cha miaka minne. Kwa hiyo kwa kawaida mtu alipata nafasi moja tu. Wa kwanza walipoingia mtihanini Januari 2012, walikuwa 95, wakafaulu 36. Si wengi, lakini ni mbali sana na sifuri. Mitihani hii miwili si sawa, na sitaki kuilinganisha kupita kiasi. Hata hivyo naona kwamba miaka mitatu ya kulisikia neno huku mikono ikitenda jambo lenyewe ndiyo iliyofanya kazi. Mtu aliyesikia *jokusō* mara mia kando ya kitanda, akaona mgongo wenyewe uliowekundu, hahitaji kulikariri usiku kwa mshumaa.

Lugha ya wodini nayo si ile ya kitabuni. Mzee wa Kijapani hasemi tu kwamba anaumwa. Husema *zuki-zuki* kwa maumivu yanayopwita, *chiku-chiku* kwa yanayochoma kama ncha ya sindano, *hiri-hiri* kwa ngozi inayowaka, na *shiku-shiku* kwa tumbo linalouma polepole bila kukoma. Sisi wasemaji wa Kiswahili tusione ajabu. Mgeni akija katika wodi zetu naye atababaika asikiapo kwamba kichwa kinagonga, tumbo linasokota, kidole kinapwita na mifupa inawanga. Tena wazee wa mikoani husema lahaja ambazo kitabu cha mwanafunzi hakikuzitaja. Kisha kuna kukabidhiana zamu asubuhi, ambapo wauguzi wa usiku hueleza kwa haraka habari za kila mzee: fulani amekula sehemu nane katika kumi za chakula, amekunywa maji kiasi hiki, hajapata choo siku ya tatu, usiku alitaka kwenda kwao. Mgeni asipoyashika hayo, kazi ya siku nzima imempita.

Hata namna ya kumwita mzee hufundishwa. Kwetu kijana akimwita mama asiyemjua "bibi," au mwanamume mwenye mvi "babu" au "mzee," amemheshimu. Katika makao ya wazee ya Japani wanafunzi huonywa wasifanye hivyo. Mzee huitwa kwa jina la ukoo wake, likifuatwa na *-san*, kwa sababu kumwita "nyanya" mtu ambaye si nyanya yako huonekana kama kumnyang'anya jina lake na kumfanya mtoto. Muuguzi aliyelelewa kuwaita wakubwa kwa majina ya ukoo wa damu huona hapo mwanzo kwamba anatakiwa kuwa na moyo baridi. Anahitaji mtu wa kumweleza sababu, si wa kumkaripia.

Na neno la ugonjwa wa kusahau lilibadilishwa kwa amri ya serikali mwishoni mwa mwaka 2004. Neno la zamani, *chihō*, lilikuwa na maana ya upumbavu. Mahali pake likawekwa *ninchishō*, ugonjwa wa utambuzi. Naliona jambo hili kuwa kubwa. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki mama mzee anayezurura usiku na kuzungumza na waliokufa ameitwa mchawi, na wengine wamepoteza maisha yao kwa jina hilo. Kumpa ugonjwa jina la ugonjwa ni nusu ya matunzo.

Tuje sasa kwenye kazi ya mikono. Mpaka afaulu mtihani, muuguzi wa kigeni alihesabiwa kisheria kuwa msaidizi tu. Hakuruhusiwa kudunga sindano wala kutundika dripu. Mikono iliyozoea kutafuta mshipa wa mtoto usiku wa manane ilikabidhiwa taulo, beseni la maji moto na nepi. Wengi waliumia moyoni. Katika hospitali nyingi za Indonesia na Ufilipino, kama ilivyo katika za kwetu, ndugu wa mgonjwa ndio wakaao kando ya kitanda. Wao humlisha, humwosha, humpeleka msalani, na muuguzi hushughulika na dawa. Huko Japani yote hayo ni kazi ya wafanyakazi wa zamu. Basi mtu mwenye diploma akajiona ameshushwa akawa yaya.

Malalamiko yao yalikuwa na haki kwa upande mmoja: miaka mitatu bila kushika sindano humfanya mtu apoteze ustadi wake, na aliyeshindwa mtihani alirudi kwao akiwa na pengo katika kazi. Lakini si kweli kwamba kumwosha na kumlisha mzee ni kazi isiyotaka elimu. Nitatoa ushahidi mmoja. Mwaka 1999 daktari wa meno wa Kijapani, Takeyoshi Yoneyama, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya kwa miaka miwili katika makao 11 ya wazee. Kundi moja la wazee lilisafishwa kinywa kila baada ya kula, na kundi la pili liliachwa na desturi ya kila siku. Katika kundi la kwanza walioshikwa na homa ya mapafu walikuwa 11 katika kila 100. Katika kundi la pili walikuwa 19. Mswaki katika mkono wa mtu anayejua sababu ya kuushika umezuia ugonjwa unaoua wazee wengi, na hakuna aliyedungwa sindano.

Kinachofundishwa katika makao hayo kina kanuni zake. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi huvikwa nguo kuanzia mkono ulio mgonjwa, na huvuliwa kuanzia mkono ulio mzima. Wajapani wameifupisha kanuni hiyo kwa herufi nne tu, na kila mwanafunzi huikariri. Kabla ya kuoga hupimwa shinikizo la damu. Muuguzi huyajaribu maji kwa mkono wake mwenyewe, kisha huanza kuyamimina miguuni, mbali na moyo, akipanda juu polepole. Katika makao makubwa ya wazee sheria inataka kila mmoja aogeshwe au asafishwe mwili angalau mara mbili kwa juma. Na tangu mwaka 2013 mwongozo wa serikali unakataza, kwa kadiri iwezekanavyo, kumbeba mzee kwa nguvu za mgongo peke yake. Vitumike vyombo, ama watu wawili, kwani muuguzi aliyevunjika mgongo hamsaidii mtu.

Lakini somo linalowasumbua wageni kuliko yote si la kutenda, ni la kutotenda. Mama wa miaka 85 anafunga vifungo vya blauzi yake. Vidole vinatetemeka. Kifungo cha kwanza kinachukua dakika mbili, cha pili kinakataa. Muuguzi aliyelelewa vyema Surabaya au Cebu, au Morogoro, moyo wake wote unamwambia ainuke amfungie, kwani ni aibu kijana kukaa akimtazama mkubwa akihangaika. Mkufunzi wa Kijapani humzuia. Humweleza kwamba kidole kisichotumika leo hakitatumika mwezi ujao, na kwamba kazi ya mtunzaji ni kukaa karibu, kusubiri, na kusaidia pale tu uwezo wa mzee unapokoma. Kwetu matunzo mema ni kumpumzisha mzee asiguse kitu. Kwao matunzo mema ni kumfanya aendelee kugusa. Sisemi kwamba wao wana haki na sisi tumekosa. Yako makao yenye haraka ambako "kumwacha afanye mwenyewe" huwa kisingizio cha kumwacha. Ila muuguzi asiyefafanuliwa tofauti hii atafanya kazi kwa bidii kila siku na kila siku ataambiwa amekosea, pasipo kujua kosa lenyewe.

Ndiyo maana mahali palipofanikiwa aghalabu palikuwa na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kumfunza mgeni, na saa za kusoma zilizotengwa ndani ya saa za kazi. Pale alipoambiwa asome baada ya zamu ya usiku, alisinzia juu ya kitabu. Watu wa Vietnam, waliokuja baadaye, walifundishwa Kijapani mwaka mzima kwao na kutakiwa wafaulu mtihani wa lugha kabla ya kusafiri. Mafunzo yaliyopatikana kwa gharama ya wale wa kwanza. Baadhi ya waliorudi makwao bila kufaulu waliruhusiwa kurejea kwa muda mfupi kurudia mtihani. Wengine waligeukia kazi za ukalimani katika makampuni ya Kijapani yaliyoko Jakarta, na uuguzi ukaishia hapo.

Tangu wakati huo Japani imefungua milango mingine. Mwaka 2017 iliweka kibali cha kuishi kwa mgeni aliyefaulu mtihani wa utunzaji, na Aprili 2019 ikaanzisha kibali cha wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, ambamo utunzaji wa wazee umo. Wanaopita mlango huu wa mwisho si lazima wawe wamesomea uuguzi.

Nasi huku, ambako mzee bado hutunzwa nyumbani na binti, mkwe au mjukuu aliyeacha shule kwa ajili hiyo, yapo ya kuchukua bila kulipa nauli. Akina mama wenye mgonjwa aliyelala na wamgeuze kila baada ya saa mbili mchana na usiku, wakipokezana, na watazame visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ngozi iliyobadilika rangi, yenye joto au iliyokuwa ngumu, isilaliwe tena wala isisuguliwe. Mkono uliopooza uvikwe kwanza. Vifungo avifunge mwenyewe kadiri awezavyo, hata kama chai itapoa.

Kulisha kunataka uangalifu zaidi, kwa kuwa mzee aliyepata kiharusi hupaliwa kwa urahisi, na chakula kilichoingia njia ya pumzi huzaa homa ya mapafu. Asilishwe akiwa amelala chali. Aketishwe wima, mito nyuma ya mgongo, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Anayemlisha naye aketi, asisimame juu yake, kwa maana mzee atainua uso kumtazama na koo litafunguka vibaya. Kijiko kiwe kidogo, na cha pili kisitolewe kabla cha kwanza hakijamezwa. Maji matupu ndiyo yanayopalia kuliko uji mzito. Huko Japani huongezwa unga maalumu wa kuyafanya mazito, na hapa uji wa wastani unaweza kumezeka vizuri kuliko chai. Baada ya kula akae wima kama nusu saa, kinywa kisafishwe kwa mswaki laini au kitambaa safi kilicholowanishwa, ulimi na ufizi pia, hata kama hana jino hata moja, na meno ya bandia yavuliwe yaoshwe. Akikohoa kila anywapo, au sauti yake ikiwa ya majimaji baada ya kula, au akishikwa na homa isiyoelezeka, apelekwe hospitali mapema, na mwenye kumlisha afuatane naye ili amweleze daktari aliyoyaona.